Amana kutoka Mtinko

"Baridi ya huko inaanzia wapi mwilini?"

Bibi aliniuliza hivyo tukiwa barazani, yeye akichambua mlenda mkavu kwenye ungo, mimi nimeegemea nguzo na simu mkononi. Nilikuwa nimerudi nyumbani Singida na shahada ya jiografia, nikisubiri kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunipata. Ningeweza kumweleza kwa nini hewa hupoa kadiri unavyopanda, na kwa nini Njombe huamka na sakitu, umande ulioganda, juu ya majani wakati Manyoni watu wanatafuta kivuli. Nilianza hata kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akapuliza makapi, akasema, "Hayo ni ya hewa. Mimi nauliza ya mwili. Inaanzia miguuni? Kifuani? Masikioni?"

Sikujua. Chuo nilisomea Dar es Salaam, mahali ambapo mwili wangu ulijifunza kutokwa jasho tu.

"Inategemea na mtu, Bibi."

"Mh! Shule yote hiyo, mke mwenzangu, na jibu ni inategemea."

Bibi ni mama yake Mama, Mnyaturu wa Mtinko aliyehamia kwetu mjini baada ya Babu kufariki. Kwa utani wa bibi na mjukuu ananiita mke mwenza, na kwa utani huo huo haachi neno langu lipite bila kulipiga kikumbo. Lakini siku ile swali lake halikuwa utani. Dada yangu, ambaye ni mwalimu na ameolewa huko Njombe, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Sote tulikuwa tunajiandaa kwenda: Baba kama dereva, mimi kama dereva wa kumpokea akichoka, na Mama kwenda kukaa na mzazi mpaka atakapopata nguvu. Sote, isipokuwa Bibi. Na Bibi, ambaye hakuwa amewahi kumbeba kitukuu mikononi, alitaka kwenda kuliko sisi wote.

Hakusema. Hilo ndilo lililonisumbua. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nikitaka kitu nakitaja, na nikikataliwa nataka sababu. Bibi ni wa shule nyingine. Mtu mzima haombi nafasi kwenye gari la mkwewe. Anakaa mahali anapoonekana, anangoja aambiwe, "Mama, jiandae." Akitaka sana, anakaa mahali anapoonekana zaidi.

Kwa hiyo alihamisha kigoda chake. Kati ya nyumba yetu na jiko la nje kuna upenyo ambamo upepo wa Singida hupita kama umekodishiwa. Huo ndio upepo unaotupa baridi yetu ya katikati ya mwaka. Ni baridi ya nje, ukifunga dirisha umeachana nayo. Dada alituambia kwenye simu kwamba ya kwao haibishi hodi, unaikuta imeshalala kitandani. Bibi alisikia, na kuanzia jioni ile akawa anakaa kwenye upenyo ule na kanga moja tu mabegani, macho mbele, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Bibi, unafanya nini?"

"Mazoezi."

"Mwili hauzoei baridi kwa kukaa uchochoroni."

"Nani kasema? Umewahi kujaribu?"

Sikuwa nimejaribu. Nilikaa naye kidogo, kwa ajili ya utafiti. Upepo uliingia kwenye mikono ya blauzi ukatokea shingoni. Mama alitukuta tumekaa hivyo, akasimama na mwiko mkononi.

"Mama, utaumwa kifua! Na wewe badala ya kumzuia, umekaa naye!"

"Nampa kampani," nilisema.

"Utampa kampani hospitali."

Mama hakuwa mkatili. Kila mwaka, msimu wa upepo ukifika, kifua cha Bibi hubana, na anayelala mguu mmoja nje ya kitanda akisikiliza kikohozi chake ni Mama. Kwa hiyo aliposema Bibi abaki, hakuna aliyeshangaa. Angebaki na shangazi yangu, dada yake Baba, ambaye alikuwa aje kulinda nyumba. Mama alikwishapanga hilo kabla hata ya kununua masweta.

Maandalizi yenyewe yalikuwa kama ya watu wanaokwenda mwezini. Mama alikwenda kwenye mitumba akarudi na makoti mazito yenye kofia za manyoya, yaliyoshonwa kwa ajili ya nchi ambazo watu hutembea juu ya theluji. Baba alivaa lake akakwama mlangoni. Fundi aliingia chini ya gari akatokea na habari za breki, akabadilisha alichobadilisha, akamsihi Baba kwamba kule kwenye kushuka atumie gia, asiikalie breki kama anavyozoea huku kwetu kwenye tambarare. Baba aliitikia kwa heshima kubwa. Kisha akaniuliza pembeni kama na mimi nimesikia, maana yeye alikuwa anafikiria bei ya vitunguu.

Vitunguu ndiyo biashara yake. Alikuwa amepanga kubeba magunia kadhaa, maana alisikia huko juu bei ni nzuri, na ili yaingie alikuwa amekunja kiti cha nyuma cha gari letu la viti saba. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya mizigo ya watu.

Hapa inabidi nieleze jambo la nyumba yetu. Babu mzaa baba alitoka pwani akaja Singida akiwa kijana asiyejulikana na mtu. Hakuwa na duka wala ndugu. Alichofanya ni kubeba mizigo ya watu kila aliposafiri, bila malipo, na kuifikisha. Mtu akimpa kibuyu cha asali ampelekee mwanawe Itigi, kibuyu kilifika kimejaa. Mji ukamjua kwa hilo kabla ya kumjua kwa kitu kingine chochote. Alipofariki, Baba alirithi duka ambalo Babu alilifungua baadaye, pamoja na sheria: mzigo wa mtu haukataliwi, ni amana, na amana ukishaipokea unaulizwa na Mungu.

Mimi sheria hii niliihoji tangu nikiwa mdogo. Je, mtu akileta mbuzi? Utabeba. Je, akileta mzigo wa kijinga? Amana haina ujinga. Na mji mzima ulilijua jibu hilo. Habari ilipozagaa kwamba tunakwenda Njombe, watu walianza kuja na bahasha, madumu ya mafuta ya alizeti, kuku ndani ya tenga, unga wa uwele, hadi godoro la mtoto. Jirani yetu, mama mmoja Mgogo wa Manyoni anayejiita mtani wetu, alileta ndoo ya viazi mviringo. Vilikuwa vya mwanawe anayefanya kazi Makambako, mkoani humo humo Njombe.

Nilivitazama. "Mama, viazi hivi umenunua wapi?"

"Sokoni."

"Na sokoni vimetoka wapi?"

"Nitajuaje mimi? Vimetoka shambani."

"Vimetoka Njombe! Viazi vyote vya sokoni vinatoka huko huko. Unatuma viazi kwao."

Alinitazama kwa huruma. "Vya huko mwanangu atanunua kwa mwenye duka. Hivi vinatoka kwa mama yake. Wewe utazaa lini ujue?"

Baba aliipokea ndoo kwa mikono miwili. "Imefika, jirani. Hesabu kwamba imefika."

Nikamfuata hadi kwenye gari. "Baba, tunarudisha viazi Njombe."

"Amana haiulizwi ilikotoka. Sogeza hilo dumu."

Ndoo ikakaa, na pale ilipokaa ndipo goti la Bibi lingekaa. Niliona hivyo, na nikaona kwamba Bibi naye, kule kwenye kigoda chake, ameona. Kila mzigo ulioingia aliutazama ukiingia. Nilikumbuka watu wanavyotazama basi lao likijaa abiria kabla hawajapata tiketi.

Mchana wa siku iliyofuata, tukiwa tunakula, sikuvumilia.

"Kwa nini tunabeba viazi vya watu na hatumbebi Bibi?"

Baba alitazama sahani yake. Baba na Bibi wana heshima ya mkwe ya kizamani: humwamkia akiutazama ukuta, na mambo yanayomhusu hayazungumzi mbele yake hata kidogo. Alichukua kipande cha ugali akakitengeneza kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

Bibi alisema, "Mtoto huyu anaropoka. Mimi nani kasema nakwenda?" Lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya bakuli la mlenda.

"Mwulizeni," nilisema. "Mtu mzima mwenye akili zake. Mwulizeni tu."

"Njoo unisaidie kuosha vyombo," Mama alisema, na vyombo vilikuwa bado vina chakula.

Jikoni alinisema kwa sauti ya chini. "Unafikiri mimi sipendi? Unafikiri nafurahi kwenda kumwona mjukuu na kumwacha mama yangu hapa? Kifua kile kikimbana kule juu, akapatwa na lolote, wajomba zako watakuja hapa. Hawatamwuliza baba yako. Hawatakuuliza wewe na shahada yako. Wataniuliza mimi: nani alimpeleka mama mlimani? Nitajibu nini?"

"Utajibu alitaka mwenyewe."

"Hilo si jibu. Hilo ni jibu la chuoni."

Nilitaka kujua kwa nini si jibu. Nilimfahamisha kwamba katika hali ya kawaida baridi haiui, kwamba muhimu ni mavazi na hewa safi, na kwamba mikoa ya baridi nayo ina wazee wake wenye vifua. Mama aliendelea kusugua sufuria. Alipomaliza alisema, "Umesema kweli tupu. Sasa nenda kawaambie wajomba zako."

Sikwenda. Nawajua wajomba zangu.

Baada ya hapo Bibi aliacha mazoezi. Alirudisha kigoda barazani, akafunga mlenda wake kwenye mifuko midogo midogo, akajaza samli kwenye chupa na kuifunga kwa kitambaa. Kuku aliwachagua yeye mwenyewe, matetea manene, kwa ajili ya supu ya mzazi. Aliwashika mbawa mmoja mmoja, akawaangalia macho, wengine akawarudisha bandani kwa dharau. Alikuwa anatuma mzigo kama watu wengine wa mtaani. Alimwelekeza Mama namna ya kumkanda Dada tumbo, jambo ambalo Mama alilijua kabla sijazaliwa, na Mama akawa anaitikia, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama," bila kumkatiza hata mara moja. Kwa Mama hiyo ilikuwa ajabu.

Ikafika mchana wa mwisho kabla ya kuondoka. Gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya baraza, mlango wa nyuma wazi, Baba akikaza kamba, mtani wetu wa Manyoni amekuja kuhakikisha ndoo yake haijawekewa kitu juu. Ikasimama bodaboda. Nyuma ya dereva, amekaa upande, ameshika mkoba kwa mkono mmoja na kofia ya usalama kwa mkono mwingine badala ya kuivaa, alikuwa dada yake Bibi kutoka Mtinko.

Huyu tunamwita Bibi Mkubwa. Kwao ndiye mkubwa wa wote waliobaki, na wajomba zangu, wanaume wenye ndevu na ng'ombe, humwogopa kama walivyomwogopa wakiwa watoto. Alishuka, akakung'uta vumbi, akatuachia tumwamkie sote kwa zamu.

"Shikamoo, mama," Baba alisema, akiutazama ukuta.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda Njombe."

"Alfajiri, mama, Mungu akipenda."

"Na nasikia nyumba hii haikatai mzigo wa mtu."

"Haijawahi, mama."

"Hata viazi."

Mtani wetu alicheka. Baba aliweka kamba chini. "Hata viazi, mama."

"Vizuri. Mimi nina amana yangu, ya mjukuu wangu aliyejifungua. Nataka uipokee mbele ya watu."

Baba alinyoosha mikono miwili kama kawaida yake, akitazama mkoba. Bibi Mkubwa hakuugusa mkoba. Alipanda barazani, akamshika mdogo wake mkono, akamwinua kwenye kigoda na mlenda ukimdondoka mapajani, akamshusha hadi kwenye gari.

"Hii hapa."

Mikono ya Baba ilibaki hewani. Nadhani alikuwa hajawahi kuwa karibu hivyo na mkwewe tangu siku ya harusi yake.

Mama alitoka jikoni mbio. "Mama Mkubwa, hapana! Na kifua chake? Na baridi ile?"

"Nani anaongea na wewe? Mimi nakabidhi kwa mwenye gari."

"Lakini..."

"Mwenye gari, unapokea au unakataa? Sema tusikie. Jirani, wewe ni shahidi."

"Mimi nipo," alisema mtani wetu, na sijawahi kumwona mtu akifurahi kiasi kile.

Baba aliutazama ukuta, akautazama mlango wa gari, halafu, kwa mara ya kwanza ninavyokumbuka, akamtazama Bibi usoni.

"Nimepokea, mama. Nitamfikisha na nitamrudisha."

"Basi aliyemtuma ni mimi," Bibi Mkubwa alisema, na sauti yake ilivuka ukuta wa jirani. "Atakayeuliza nani kampeleka, mwambieni aje Mtinko aniulize."

"Jamani," Bibi alisema, "mbona mzigo wenyewe hauulizwi kama unataka?"

"Mzigo hausemi!" mtani wetu akamjibu, na Bibi akacheka hadi akashika ubavu, akakohoa, akamtazama Mama haraka, akaacha kukohoa.

Kilichofuata kilikuwa kelele za kupanga upya. Nafasi haikuwepo, na Baba hakutoa hata bahasha moja ya mtu. Alishusha magunia yake ya vitunguu, yote, akainua kiti cha nyuma, akakijaribu kwa kukikalia. Nilimwuliza kama haoni uchungu. Alisema vitunguu havina mama. Mama alikuwa anazunguka akilalamika kwamba watu wanaamua mambo bila kumshirikisha, kwamba Bibi hana hata soksi, kwamba nyumba hii haina utaratibu, na wakati huo huo anakunja sweta, anakunja blanketi, anafunga dawa ya kifua ndani ya kitambaa. Bibi Mkubwa alikunywa chai, akasifu maziwa, akakataa kulala kwetu, akapanda bodaboda yake akaondoka.

Tuliondoka alfajiri na mapema. Shangazi alituombea dua mlangoni, akaapa kwamba hatafagia nyumba siku ile ili asifute nyayo zetu. Nilimwuliza uchafu wa siku moja una uhusiano gani na ajali, akaniambia nipande gari. Bibi alikaa nyuma, kati ya Mama na tenga la kuku, ndoo ya viazi miguuni, amevaa koti la Mama lenye manyoya tangu Singida, ambako jua likishachomoza halihitajiki hata kidogo. Tulipofika Issuna alikuwa anatokwa jasho. Tulimsihi alivue. Alikataa, alisema ukishampokea mgeni humtoi nje kwa sababu amekuja mapema.

Dereva wa kwanza alikuwa Baba hadi Dodoma, halafu mimi. Tulipita Mtera, maji yametanda upande mmoja na ukame upande mwingine, na tulipoanza kupanda milima ya Nyang'oro kuku wakanyamaza. Bibi alisogea mbele akashika kiti cha mbele yake. Alikuwa anatazama miti inavyozidi kuwa mirefu, na kila kona alisema "Eee!" kwa sauti ndogo. Mama, pembeni yake, alikuwa amemshika mkono ndani ya mkono wa koti.

Viazi tuliviacha Makambako, kwa kijana mmoja aliyevipokea bila kucheka, akanusa ndoo, akauliza mama yake anaendeleaje na mgongo.

Huko juu kifua cha Bibi kilibana kidogo, kikaachia. Alikaa jikoni kwa Dada, karibu na moto, kitukuu akiwa ndani ya koti lile la manyoya, kichwa tu kimetokeza, akimwimbia kwa Kinyaturu nyimbo ambazo hata Mama alikuwa amezisahau. Baba alimrudisha Singida kama alivyoahidi, na wajomba zangu walipokuja nyumbani na nyuso zao za kuuliza, Bibi aliwaambia waende Mtinko. Hakwenda hata mmoja.

Mimi kwa muda mrefu niliisimulia habari hii kama ya Bibi Mkubwa: mama mzee aliyepanda bodaboda akaishinda nyumba nzima. Niliwasimulia marafiki, niliisimulia kazini nilipopata kazi. Miaka ikapita. Kukawa na harusi ya binamu yangu Mtinko, na tukawa tumekaa nyuma ya nyumba mimi na Bibi Mkubwa tukimenya vitunguu saumu. Nikamsifu kwa siku ile. Aliniangalia kana kwamba nimemsifu kwa kuleta mvua.

"Mimi nilikuwa na kazi zangu," alisema. "Ni mama yako aliyenipigia simu. Alilia. Akaniambia, njoo wewe, mama, umkabidhi kama amana, sema kwa sauti ili jirani asikie, na mimi nikikataa usinisikilize. Hata nauli ya bodaboda alinitumia yeye."